JE, MKRISTO ANARUHUSIWA KUMWULIZA MUNGU MASWALI WAKATI WA MATESO?

Somo la vikundi vya nyumbani

Someni kwanza: Zaburi 13, Habakuki 1 hadi 3, Hesabu 11, Luka 13:1–5, Marko 15:33–39



Tunawasalimu wote, ninyi mlio Lobule upande wa Koboko, ninyi mlio Rhino Camp na Imvepi upande wa Arua, pamoja na ndugu zetu wanaojitafutia maisha mjini. Somo la safari hii limetoka kwenu wenyewe. Tunapotembelea nyumba, na hasa penye matanga, tunakutana mara kwa mara na swali ambalo watu hulisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja jambo la aibu: "Mchungaji, Mungu alikuwa wapi?" Na mara nyingi, kabla hatujafungua kinywa, mtu mwingine aliyeketi pale kwenye mkeka anajibu upesi: "Usiseme hivyo. Mungu haulizwi."

Basi mwenye swali ananyamaza. Wengine hunyamaza siku ile tu. Wengine hunyamaza mpaka wanaacha kuomba, kisha wanaacha kuja ibadani, na hakuna anayejua sababu. Kwa hiyo jambo hili si la wasomi wa chuo cha Biblia peke yao. Linahusu watu wetu wanaopotea kimya kimya.

Je, ni kweli kwamba Mungu haulizwi? Tuyachunguze Maandiko pamoja. Tutaona kwamba Biblia haimkatazi mtu wa Mungu kuuliza. Biblia inamwonyesha pa kulipeleka swali lake.

1. MASWALI HAYA YANATOKA WAPI?

Hatuulizi kwa mchezo. Kila familia inayosoma kurasa hizi ina hesabu yake. Waliotoka Ituri walipita katika vita vya 1999 hadi 2003, wakajenga tena, wakapanda tena, na kuanzia Desemba 2017 Djugu ikaungua upya. Waliotoka Yei, Morobo, Lainya na Kajo Keji walishangilia uhuru wa Sudan Kusini tarehe 9 Julai 2011, na baada ya mapigano ya Julai 2016 walikuwa njiani na watoto mgongoni. Mzee wa Yei aliyezaliwa miaka ya 1950 anaweza kuwa amekimbia mara tatu: katika vita vya kwanza vilivyoisha kwa mapatano ya Addis Ababa mwaka 1972, katika vita vya pili vilivyoanza 1983 na kuisha 2005, na tena baada ya 2016. Mtu kama huyo akiuliza "hata lini?" hajifunzi maneno ya Zaburi. Anayasema kwa sababu ndiyo maisha yake.

Tena iko habari ya chakula. Julai 2023 familia ziligawanywa katika makundi matatu kwa kadiri ya uhitaji, na mwaka 2025 Shirika la Chakula Duniani liliwaondoa watu wapatao milioni moja katika msaada wa chakula hapa Uganda kwa kukosa fedha. Mama anayepika mara moja kwa siku na kuwalaza watoto mapema ili wasiombe tena, huyo naye ana swali.

Wala si sisi wageni tu. Wenyeji wetu wa Koboko na Arua wanayajua haya. Baada ya serikali ya Amin kuanguka mwaka 1979, na zaidi baada ya mapigano ya Oktoba 1980, watu wa West Nile walivuka kwa wingi kwenda Zaire, ambayo leo ni Kongo, na kwenda Sudan. Walikuwa wakimbizi katika nchi zile zile tulizozikimbia sisi. Waliobaki nyumbani, wengine walikimbilia katika misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, karibu na mji wa Arua, wakiamini kwamba penye msalaba watapona. Tarehe 24 Juni 1981 askari wa jeshi la serikali ya wakati ule waliingia mle misheni wakawaua na kuwajeruhi watu wengi. Hao walikimbilia mahali pa Mungu. Nani atawaambia watoto wao kwamba hawana ruhusa ya kuuliza?

2. MAJIBU MAWILI YASIYOPONYA

Jibu la kwanza ambalo watu hupewa ni hili: "Mmeteswa kwa sababu ya dhambi zenu," au, "Ukoo wenu una laana." Ni kweli kwamba dhambi huleta maumivu, na vita vyenyewe ni matunda ya dhambi. Lakini mara nyingi aliyepanda si yeye anayevuna. Aliyetoa amri ya kuchoma kijiji hulala kitandani, na bibi aliyekuwa akipalilia karanga ndiye anayelala nje.

Bwana Yesu alilijibu jambo hili waziwazi. Katika Luka 13 watu walimletea habari za Wagalilaya ambao Pilato aliwaua wakati wakitoa dhabihu zao. Angalieni vizuri, wapendwa: waliuawa katika ibadani yao, na waliowaua walikuwa watu wa serikali. Habari ile inafanana sana na ile ya Ombaci. Wasikilizaji walidhani waliokufa walikuwa wenye dhambi kuliko wengine. Yesu alikataa. Badala ya kuwahukumu wafu, aliwageukia walio hai akawaita kutubu. Basi tukisimama kaburini na kutafuta kosa la marehemu, tunafanya kazi ambayo Bwana mwenyewe aliikataa.

Jibu la pili ni hili: "Ungekuwa na imani, haya yasingekupata." Wako wahubiri wanaopita wakimwambia mjane atoe fedha yake ya mwisho kama mbegu, ili Mungu amrudishie mara mia. Fedha ikiisha na muujiza usipokuja, huambiwa kwamba imani yake ni ndogo. Sasa mama huyo ana mizigo miwili: njaa, na hatia.

Someni Waebrania 11, sura ile inayoitwa sura ya imani. Mstari wa 34 unataja waliookoka na upanga kwa imani. Mstari wa 37 unataja waliouawa kwa upanga, nao pia kwa imani. Sura ni moja na imani ni ile ile. Mwandishi anaendelea kuwataja watu wa Mungu waliotangatanga nyikani na mapangoni, wakikosa mavazi na mahitaji. Hao nao walishuhudiwa kwa imani yao. Kwa hiyo ndugu yako aliyefika Oraba salama hakuwa na imani kuliko yule aliyebaki njiani.

3. WATU WA MUNGU WALIULIZA

Tumtazame kwanza Gideoni (Waamuzi 6). Wamidiani walikuja kila Waisraeli walipopanda mbegu, wakaharibu mazao na kuchukua mifugo, hata Waisraeli wakajificha mapangoni. Gideoni alikuwa akipura ngano ndani ya shinikizo la zabibu ili adui asimwone. Malaika alipomwambia kwamba Bwana yu pamoja naye, Gideoni hakusema "Amina" upesi. Aliuliza: kama Bwana yu pamoja nasi, mbona haya yote yametupata? Na yako wapi matendo makuu ambayo baba zetu walitusimulia? Je, alipigwa? Hapana. Bwana alimgeukia, akamtuma, akamwahidi kuwa pamoja naye. Mtu mwenye swali ndiye aliyepewa kazi.

Mtazameni Habakuki. Aliona dhuluma na mauaji katika nchi yake, na sheria imelegea. Alimlilia Mungu akiuliza ni kwa muda gani atalia bila kusikiwa. Mungu akajibu kwamba anawaleta Wakaldayo. Jibu lile lilimwumiza nabii zaidi ya swali, naye akauliza mara ya pili: inakuwaje wewe uliye mtakatifu unyamaze wakati mwovu anammeza aliye mwema kuliko yeye? Halafu akapanda juu ya mnara wake kungoja jibu. Mtu asiyeamini hangojei jibu. Habakuki alingoja kwa sababu alijua kwamba yuko anayesikia.

Mtazameni Daudi katika Zaburi 13. Katika mistari miwili ya kwanza anauliza "hata lini" mara nne. Zaburi 44 ni kilio cha taifa zima lililotawanywa, linalomwambia Mungu kwamba halikumsahau, na bado limechinjwa kama kondoo. Zaburi 88 inaanza kwa kilio na kuisha gizani, bila neno la furaha mwishoni. Wapendwa, Zaburi hizi hazikuingia katika Biblia kwa bahati mbaya. Roho Mtakatifu aliziweka pale ili siku tutakapokosa maneno, tuyakute yameandaliwa.

Tena yuko Yeremia, ambaye katika sura ya 20 alilaani siku aliyozaliwa. Bado Mungu hakumfuta katika orodha ya manabii wake.

Na kama mtu atasema kwamba hao walikuwa wa agano la kale, asome Ufunuo 6:9–11. Roho za waliouawa kwa ajili ya neno la Mungu ziko chini ya madhabahu mbinguni, nazo zinauliza Mungu atakawia hata lini kulipa damu yao. Hao wamekwisha kufika. Hawana dhambi tena, nao bado wanauliza! Mungu hawakemei. Anawapa mavazi meupe na kuwaambia wapumzike bado kitambo. Basi ikiwa mbinguni swali hili linaruhusiwa, sisi wa hapa chini ya turubai tutakatazwaje?

4. KUNUNG'UNIKA NA KUMLILIA MUNGU

Hapa wengine watasema: "Lakini Waisraeli waliponung'unika jangwani, Mungu aliwaadhibu." Ni neno la kweli, na ni lazima tulielewe.

Someni Hesabu 11. Ni sura ya mgao wa chakula. Watu walikuwa na mana kila siku, lakini wakaichoka. Wakakumbuka samaki na matango ya Misri, wakalia kila mtu mlangoni pa hema lake. Walisema wao kwa wao. Waliitamani nchi ya utumwa, na hakuna hata mmoja aliyegeuka kumwambia Mungu. Hasira ya Bwana ikawaka.

Lakini katika sura ile ile, jangwa lile lile, Musa naye alilalamika, na maneno yake yalikuwa makali kuliko ya watu. Alimwuliza Bwana kwa nini amemtendea mabaya, kama ni yeye aliyewachukua watu wale mimba, na nyama ya kuwapa wote ataipata wapi. Akasema kwamba kama mambo ni hivi, ni heri afe. Je, Bwana alimpiga Musa? Hapana. Alimpa wazee sabini wabebe mzigo pamoja naye.

Mnaona tofauti? Maneno ya Musa hayakuwa laini kuliko ya watu. Tofauti ni kwamba watu waligeuza mgongo wakasema kuhusu Mungu, na Musa aligeuza uso akasema na Mungu. Mtoto anayegombana na baba yake ndani ya nyumba bado ni mtoto wa nyumba. Yule aliyetoka na kumsema baba sokoni ndiye aliyeanza kupotea.

Ila tuongeze onyo moja kwa sisi tunaohubiri. Tusiichukue Hesabu 11 na kuwapiga nayo watu wenye njaa. Kabla ya hapo, katika Kutoka 16, watu walilalamika kwa sababu hawakuwa na chakula kabisa. Mara ile Mungu hakuwapiga, bali aliwapa mkate asubuhi na nyama jioni. Mama aliyekatwa mgao hatamani matango ya Misri. Anatafuta posho ya leo. Kuuliza ofisini kwa heshima kwa nini jina lake limetoka si kunung'unika, na kumwuliza Mungu watoto watakula nini si kukosa imani.

5. JE, PAULO HAKUKATAZA?

Wengine hutumia Warumi 9:20, ambapo Paulo anamkemea mwanadamu anayeshindana na Mungu, kama chombo kinachomhoji mfinyanzi wake. Katika chuo cha Biblia tulifundishwa kuuliza kwanza: maneno haya anaambiwa nani, na kwa sababu gani? Mtu anayekemewa pale ni yule anayebishana ili Mungu aonekane mkosaji na yeye asiwe na hatia. Hatafuti jibu, anatafuta pa kujificha. Lakini sura hiyo hiyo, mstari wa 2, Paulo mwenyewe anasema ana huzuni kuu na maumivu yasiyokoma moyoni kwa ajili ya ndugu zake. Mtu mwenye maumivu hayo hawezi kuwa adui wa wanaolia.

Kwa hiyo mpaka upo, nasi hatuuondoi. Ayubu alipouliza sana, Mungu alimjibu kutoka katika upepo wa kisulisuli na kumkumbusha kwamba yeye Ayubu hakuwapo misingi ya dunia ilipowekwa. Ayubu akaweka mkono kinywani. Tunaruhusiwa kuuliza kama watoto, lakini haturuhusiwi kukalia kiti cha hakimu na kumweka Mungu kizimbani. Wala tusimbebeshe Mungu deni la wanadamu. Panga lilishikwa na mkono wa mtu, na amri ilitoka kinywani mwa mtu. Tunaweza kumwuliza Mungu kwa nini hakuuzuia mkono ule, huku tukijua kwamba mkono ule haukuwa wake.

Na bado, sikieni mwisho wa habari. Katika Ayubu 42:7 Mungu anawakasirikia wale rafiki watatu waliomtetea kwa maneno mazuri, na kusema kwamba hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu. Waliohubiri ndio waliohitaji kuombewa, na aliyelia ndiye aliyewaombea.

6. BWANA YESU MWENYEWE ALIULIZA

Hili ndilo jiwe la pembeni la somo letu. Yesu alipokuwa mtoto, wazazi wake walikimbia naye usiku kwenda Misri kwa sababu ya upanga wa Herode (Mathayo 2). Aliujua ukimbizi kabla ya kujua kusoma. Na alipokuwa msalabani, saa tisa, giza likiwa juu ya nchi, alilia kwa sauti kuu akimwuliza Mungu wake kwa nini amemwacha. Maneno aliyotumia ni mwanzo wa Zaburi ya 22.

Tafakarini jambo hili. Mwana wa Mungu hakuwa na dhambi, hakukosa imani, na alijua siku ya tatu atafufuka, kwa maana alikwisha kuwaambia wanafunzi. Bado aliuliza "kwa nini." Kwa hiyo swali hili si dhambi, maana yeye hakutenda dhambi kamwe. Tena alimwita "Mungu wangu" katika pumzi ile ile aliyouliza. Giza halikumnyang'anya neno "wangu." Hiyo ndiyo imani ya mtu aliye katika mateso: huenda hana jibu, lakini bado anasema "wangu."

Na siku ya tatu Baba alijibu. Hakujibu kwa maelezo. Alijibu kwa kaburi lililo wazi.

7. MUNGU HUJIBU NAMNA GANI?

Hatutawadanganya. Wengi wetu hatutapewa sababu katika maisha haya. Ayubu hakuambiwa kamwe yaliyotokea katika sura ya kwanza. Lakini Mungu ana majibu mengine, nayo si madogo.

Eliya alipoomba kufa chini ya mti jangwani (1 Wafalme 19), Mungu hakuanza kwa mahubiri. Alimpa usingizi, mkate na maji, mara mbili. Swali lilikuja baadaye. Musa alipewa watu sabini. Martha na Mariamu walimwambia Yesu neno moja: kama angalikuwapo, ndugu yao hangalikufa (Yohana 11). Martha alipewa fundisho la ufufuo. Mariamu alipewa machozi ya Bwana. Yesu alijua nani anahitaji neno na nani anahitaji mtu wa kulia naye.

Naye Habakuki, ambaye jibu lake lilikuwa gumu, anamaliza sura ya 3 akisema kwamba hata mitini isipochanua, shamba lisipotoa chakula na zizi likibaki tupu, bado atamfurahia Bwana. Kwa mashamba yetu ya hapa tungesema: hata mihogo ikioza, simsim ikikauka, na jina likiondolewa kwenye orodha. Lakini ndugu, msimlazimishe mtu kuruka mpaka sura ya 3. Habakuki alipita kwanza sura ya 1 na ya 2.

8. KAZI YA KANISA

Kwanza, tuketi. Kabla ya kuharibu kazi yao kwa maneno, rafiki za Ayubu walifanya jambo moja jema sana: waliketi naye chini siku saba bila kusema neno (Ayubu 2:13). Wazee na akina mama wa kanisa, penye matanga tuanze hapo. Chota maji, tafuta kuni, osha vyombo, kaa. Maneno kama "Mungu amemchukua kwa sababu alimpenda zaidi" yaacheni nyumbani.

Pili, tuwe wapole kwa wenye maneno makali. Mke wa Ayubu husemwa vibaya katika mahubiri mengi. Neno alilosema halikuwa jema, na Ayubu alimkataza. Lakini tukumbuke kwamba makaburi yale kumi yalikuwa ya watoto wake pia. Hakuna aliyekuja kuketi naye siku saba.

Tatu, turudishe kilio katika ibadani. Wakati wa vita vya 1983 hadi 2005, Wakristo Wadinka wa Bor walitunga nyimbo nyingi katika lugha yao, na miongoni mwa watunzi wao anayejulikana sana ni mama Mary Alueel Garang. Nyimbo zile ziliyabeba maswali ya watu waliofukuzwa makwao na kuyaweka mbele za Mungu. Kwetu pia Mungu anasikia Kikakwa, Kilugbara, Kialur na Kilendu. Kiswahili kinatuunganisha, lakini mtu akilia sana, hulia kwa lugha ya mama yake. Tumpe nafasi.

Nne, tusiache mtu peke yake. Eliya na Musa waliomba kufa, na wako kati yetu wanaowaza hivyo. Ukimsikia ndugu akisema kwamba amechoka kuishi, au kwamba watoto watakaa vizuri bila yeye, usimkemee wala usimtangaze. Kaa naye, mwite mchungaji au mzee, na mpeleke kituo cha afya, au mwone mhudumu wa afya wa kijiji. Kwenda kwa mganga wa hospitali si kumkana Mungu. Malaika wa Eliya alianza na mkate.

9. NAMNA YA KUOMBA KWA KILIO

Zaburi 13 ina mistari sita tu, nayo inatufundisha njia hii:

Mwite. Anza kwa jina lake. Usiseme na ukuta.

Mwambie. Taja jambo lenyewe: shamba, mtoto, mume asiyejulikana alipo, mgao. Mungu haogopi maneno yako.

Mwombe. Sema unataka afanye nini: atazame, ajibu, atie nuru machoni.

Mkumbuke. Taja jambo moja alilokutendea zamani. Kama leo huwezi, ndugu mwenzako akutajie. Ndiyo maana tuko kundi.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika nyumba yako, watoto wanaruhusiwa kuuliza kuhusu vita na waliokufa? Huwa unawajibu nini?

2. Linganisheni watu na Musa katika Hesabu 11. Wiki hii, tumekuwa tukisema kuhusu Mungu au tukisema na Mungu?

3. Ni neno gani mlilowahi kuambiwa penye matanga likawaumiza? Ni tendo gani liliwafariji?

4. Yuko nani aliyeacha kuja kwetu tangu alipofiwa? Nani atakwenda kumwona, na siku gani?

5. Kila kundi litunge ombi lake kwa kufuata Zaburi 13, kwa lugha yoyote, na kulisoma ibadani Jumapili ijayo.

TUOMBE

Ee Mungu wetu, wewe unayetujua majina hata pale yanapokosekana kwenye orodha, tunakuja kwako na maswali yetu kwa sababu hatuna mwingine wa kumwendea. Tumechoka kukimbia. Tumezika njiani na hatukuweka alama. Kwa nini, Bwana? Hata lini? Utazame Ituri. Utazame Yei. Uwatazame wenyeji wetu wa Koboko na Arua, walioujua ukimbizi kabla yetu, na uwabariki kwa ardhi waliyotugawia. Utupe mkate wa leo na mtu wa kuketi naye. Aliyenyamaza kwa hofu, umfungue kinywa. Na pale tusipopata jibu, utushike tusiache kukuita wako wetu. Katika jina la Yesu, aliyeuliza msalabani na ukamfufua. Amina.